Nani Alipiga? Uhakiki wa Agizo la Picha ya Flashi ya Zamani

Utangulizi

Katika kozi zetu za fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya, ushairi na hadithi fupi. Siku hizi pamezuka kautanzu kengine ambako wengi wetu tunakaandika usiku bwenini, lakini mchana darasani hakuna anayekagusa. Nako ni agizo la picha. Kwa agizo la picha tuna maana ya yale maneno ambayo mtu huyaandika ili programu ya akili mnemba imtengenezee picha. Unaandika mistari mitatu minne, unabonyeza, unasubiri, picha inakuja. Basi.

Najua wapo watakaouliza, "Kwani hii nayo ni fasihi?" Swali hilo lina haki yake. Sisi hatudai kwamba agizo la picha ni fasihi. Tunachosema ni kwamba ni matini: lina fani, lina maudhui, lina mandhari na wahusika, na lina msimulizi aliyejificha. Kama maneno ya kanga yamehakikiwa, na maandishi ya nyuma ya mabasi yamehakikiwa, hatuoni kwa nini maneno haya yaachwe yapite hivi hivi.

Makala haya hayatashughulikia maagizo ya kila aina. Tutachukua aina moja tu ambayo sasa imeenea mno: agizo la picha inayotakiwa ionekane kama imepigwa zamani kwa kamera ya flashi, tena ionekane ya kweli kabisa. Hoja yetu ni hii: uhalisia wa picha ya namna hiyo hautoki kwenye alama za uzee ambazo mwandishi anazirundika, unatoka kwenye sababu. Kila kivuli kina sababu, kila jicho lililofumba lina sababu, na sababu kubwa kuliko zote ni mtu aliyeshika kamera. Agizo lisilomjua mtu huyo limeshindwa kifani. Na agizo linalomjua vizuri mno, kama tutakavyoona, linazua tatizo la kimaudhui ambalo ni zito zaidi.

Matini ya kwanza

Hebu tuanze na mfano. Agizo lifuatalo niliandika mwenyewe, kwa hiyo nikilipiga nondo sitakuwa nimemvunjia mtu heshima:

"Picha halisi kabisa ya zamani, flashi kali, chembechembe za filamu, macho mekundu, rangi zilizopauka, mikwaruzo, tarehe ya rangi ya machungwa kwenye kona, miaka ya 1940, harusi ya Kiafrika, watu wanafurahi, nzuri sana, ya kuvutia."

Kimuundo, hili ni rundo. Hakuna sentensi hata moja iliyokamilika, na vitenzi vyenyewe ni vya kuhesabu. Mwandishi anafanya kama mtu aliyetumwa dukani na karatasi: chumvi, kiberiti, sabuni. Kimtindo, amejaza sifa ambazo hazina kazi. "Halisi kabisa", "nzuri sana", "ya kuvutia": je, programu ifanye nini na maneno hayo? Katika semina za ushairi tunaambiwa kila siku kwamba anayetangaza huzuni hajatuhuzunisha. Hapa ni kosa lile lile. Anayetangaza uhalisia hajatuonyesha kitu.

Kosa kubwa zaidi lipo kwenye wakati. Macho mekundu hutokea pale flashi inapokaa karibu sana na lenzi kwenye chumba chenye giza: mwanga unaingia kwenye mboni iliyopanuka, unagonga nyuma ya jicho na kurudi moja kwa moja kwenye kamera. Ni ugonjwa wa kamera ndogo zenye flashi yake pale pale, na ili wekundu wenyewe uonekane lazima filamu iwe ya rangi. Tarehe ya rangi ya machungwa nayo ilienea kwenye kamera ndogo za miaka ya 1980 na 1990. Kamera za waandishi wa habari za miaka ya 1940 zilikuwa masanduku makubwa, balbu ikiwa imechomekwa kwenye sahani ya kuakisi mwanga pembeni, na filamu kwa kawaida ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo mwandishi wetu amewavalisha watu wa 1940 saa ya dijitali. Mtunzi wa tamthiliya ya kihistoria akifanya hivyo tunamcheka. Huyu naye achekwe.

Halafu "harusi ya Kiafrika". Ipi hiyo? Ya Bamako au ya Bukoba? Ya msikitini, ya kanisani au ya bomani? Niliposema hivyo, programu ilinipa watu kumi na wawili, wote wamevaa shanga shingoni, wote wanacheka kwa meno yote, na nyuma yao jua linazama. Jua linazama na flashi inawaka! Usiilaumu programu, maana haikuwa na harusi ya kuikumbuka. Programu hizi zimefunzwa kwa mabilioni ya picha zilizookotwa kwenye intaneti pamoja na maelezo yake. Mkusanyo mmoja uliotolewa mwaka 2022, uitwao LAION-5B, una jozi zaidi ya bilioni 5 za picha na maneno. Ukiiambia neno la jumla, inakurudishia wastani wa yote iliyoyaona. Na wastani wa Mwafrika kwenye intaneti, ndugu zangu, tunaujua ulichorwa na nani.

Flashi ilitoka wapi?

Ili tulielewe kosa hili vizuri, inabidi turudi nyuma kidogo. Flashi haikuanza kama urembo. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga wenye magnesi ambao ukiwashwa unatoa mwanga mkali wa ghafla. Habari hizo zilimfikia Jacob Riis, mwandishi wa habari mzaliwa wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi New York. Riis akautumia unga huo kupiga picha usiku katika vyumba vya maskini ambavyo mwanga wa jua ulikuwa hauvifiki, na kitabu chake How the Other Half Lives kilitoka mwaka 1890. Unga wenyewe haukuwa mchezo. Riis alisimulia baadaye kwamba aliwahi kuwasha moto nyumba katika shughuli hiyo. Sasa hebu fikiria umelala, mlango unafunguliwa, wageni wanaingia, halafu puu! Nyuso zile zilizoduwaa kwenye baadhi ya picha zake hazikuagizwa na mtu kwa neno "mshtuko". Kilichozizaa ni kule kuingia.

Miaka ya 1930 unga ulishaanza kuziachia nafasi balbu, ambazo zilitumika mara moja tu na kutupwa. Hapo ndipo tunapokutana na Weegee, ambaye jina lake hasa lilikuwa Arthur Fellig, akizunguka New York usiku ndani ya gari lenye redio ya kunasia taarifa za polisi. Kamera yake ilikaa tayari imepangwa kwa umbali wa futi kumi hivi. Akifika kwenye maiti, moto au kamatakamata, hana muda wa kupima: anasogea mpaka futi kumi, anabonyeza. Ndiyo maana katika picha zake wa mbele wanang'aa na wa nyuma wamemezwa. Mwanga wa flashi hupungua kwa mraba wa umbali. Aliye mita 2 akipata mwanga wa kutosha, aliye mita 4 anapata robo yake tu, na aliye mita 6 anapata sehemu moja ya tisa. Giza lile la nyuma ni hesabu. Kitabu chake Naked City kilitoka mwaka 1945.

Wa tatu ni Malick Sidibé wa Bamako. Mali ilipata uhuru mwaka 1960, na vijana wa mji ule walikuwa na vilabu vyao, santuri zao na suti zao. Sidibé alikuwa akienda kwenye madansi yao usiku na kamera ndogo yenye flashi, kisha anarudi studio kusafisha picha na kuzibandika ili wenyewe waje wajitafute na kununua. Picha yake iitwayo Nuit de Noël, ya mwaka 1963, inaonyesha kaka na dada wanacheza, vichwa wameviinamisha mpaka karibu vinagusana, na msichana yuko pekupeku. Mwaka 2007 Sidibé alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice kwa kazi ya maisha yake yote.

Tumewataja watatu hawa kwa makusudi. Mwanga wao ni wa aina moja: mkali, wa mbele, wa ghafla. Lakini Riis anaingia bila kuitwa. Weegee anawinda. Sidibé amealikwa. Mtu aliyevamiwa anashtuka, mtu aliyewindwa anajificha uso au hana habari, mtu aliyemwalika mpiga picha anajiweka sawa au anaendelea kucheza. Kwa maneno mengine, flashi ni alama ya uhusiano. Inatuambia nani aliingia mahali pale, na kwa idhini ya nani.

Sasa rudi kwenye rundo letu la kwanza. Nani aliingia? Hakuna. Kuna flashi lakini hakuna aliyeiwasha. Ndiyo sababu picha ile ilinuka uongo hata kabla macho hayajaona kasoro yoyote.

Matini ya pili

Mwandishi wa makala haya ana bibi, mzaa mama, aliyeolewa Korogwe mwaka 1976. Picha ya harusi haipo. Mpiga picha alikuja, akapiga, akala pilau, akaondoka, na baada ya wiki mbili akarudi na maneno mawili tu: filamu imeungua. Tangu hapo ikawa ni hadithi ya nyumbani. Kila harusi ikifika, mama zetu wakubwa wanakumbushana, "Muangalieni huyo mpiga picha, asije akatuunguzia kama ya mama." Likizo iliyopita nikasema ngoja nijaribu. Nilimhoji Bibi jioni tatu, kisha nikaandika:

"Sebuleni, usiku, Korogwe, 1976. Mpiga picha ni jirani, amealikwa, amesimama hatua tatu kutoka kwa bibi harusi. Flashi iko kushoto kwa lenzi, kwa hiyo kivuli cha bibi harusi kimelala upande wa kulia wa picha ukutani, kingo zake kali. Ukuta ni wa chokaa. Bibi harusi ameketi mkekani, ameinamisha macho kwa sababu ameambiwa asitazame watu. Mwanamke mzima aliyekaa nyuma yake anamrekebisha ushungi. Flashi imemkuta amefumba macho. Mlangoni, mbali, watu wamezama gizani, kinachoonekana ni mkono mmoja na ukingo wa sinia. Mpiga picha ameharakisha: picha imelalia upande na miguu ya bibi harusi imekatwa. Filamu nyeusi na nyeupe. Karatasi imeanza kuwa njano pembezoni kwa kukaa kwenye sanduku."

Tukilinganisha matini hizi mbili, tofauti iko wazi. Kimuundo, ya pili ina sentensi, na sentensi zake zimeshikana kwa "kwa hiyo" na "kwa sababu". Hayo ndiyo maneno muhimu kuliko yote katika agizo. Kwa jinsi zinavyofanya kazi nyingi za programu hizi, huanza na vurugu ya madoa na kuyasafisha hatua kwa hatua mpaka yafanane na maneno uliyotoa. Hazina flashi humo ndani, wala ukuta, wala hesabu ya mraba wa umbali. Zinaiga sura ya kivuli bila kujua kivuli kinatoka wapi. Kwa hiyo anayetakiwa kujua ni mwandishi. Asipoweka taa mahali pake, vivuli vitatu vitaelekea pande nne.

Kilugha, ya pili imeacha sifa na kushika vitu: chokaa, ushungi, sinia. Neno "zamani" halimo kabisa. Uzee umeachiwa karatasi, na karatasi imepewa sababu ya kuzeeka. Vile vile haina makatazo. Wengi hupenda kuandika "pasiwe na macho mekundu, pasiwe na watu wanaocheka". Programu nyingi haziyawezi makatazo, na zikisikia macho mekundu zinaweza kuyaleta hayo hayo. Ni afadhali kusema macho yameinama kuliko kusema yasiwe mekundu.

Kiwahusika, kila mtu ana shughuli yake. Hakuna aliyewekwa pale "afurahi". Na kasoro zimegawanywa kama mtunzi mzuri anavyogawa makosa kwa wahusika wake: kichwa kilichofumba macho ni cha aliyekuwa na kazi nyingine, miguu iliyokatwa ni ya haraka ya mpiga picha. Kasoro ambayo haina mwenyewe ni pambo tu.

Jambo moja halikufanikiwa, nalo si dogo. Rangi ya ngozi. Mara tatu mfululizo programu ilinipa bibi harusi mweupe kuliko ukuta, au mweusi asiye na uso, ngozi inayong'aa kama kiatu. Hili lina historia. Maabara nyingi za kusafisha picha za rangi, kwa miaka mingi ya karne iliyopita, zilipima rangi zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha usahihi. Watu weusi wakitoka vibaya, lawama ilikuwa kwao. Sidibé na wenzake walizijua ngozi za wateja wao, wakawapiga na kuwasafisha ipasavyo. Lakini ukiiambia programu "kama filamu za zamani" bila kueleza zaidi, hujui ni dharau ipi ya zamani unayoifufua. Nikaongeza sentensi: "Ngozi ya bibi harusi ni nyeusi, na mwanga umeonyesha wazi mstari wa shavu, kope na kidevu." Ndipo uso ukaja.

Maudhui: nani alipiga?

Picha ilipotoka nzuri niliirusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mjomba alisema amelia. Binamu yangu mmoja, bila kuniuliza, akaisafisha kwa ukubwa, akaitia fremu, akaitundika sebuleni kwao. Mtoto wake alipopewa kazi ya shuleni kuhusu historia ya familia, akaibeba. Mwalimu akamsifu.

Bibi nilimpelekea mwenyewe. Aliitazama muda mrefu, akaisogeza, akaivuta karibu. Nikategemea atasema kama inafanana au haifanani. Hakusema hayo. Aliuliza, "Mjukuu wangu, nani alipiga?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi hapa hakuwepo mtu." Akanirudishia simu.

Ndugu msomaji, nimesoma nadharia za uhalisia miaka mitatu na sijakutana na uhakiki mfupi kama huo. Fani yangu yote ilikuwa inamjenga mpiga picha: hatua tatu, kushoto kwa lenzi, jirani aliyealikwa, haraka yake. Bibi aliiona kazi hiyo na akauliza swali ambalo kazi yenyewe ililichokoza. Agizo baya haliulizwi nani alipiga. Agizo zuri lazima liulizwe, na jibu lake ni hakuna.

Wapo watakaonijibu kwamba hata picha za kweli hudanganya. Ni sahihi, na mfano ninao. Mwaka 1943 Weegee alipiga picha inayoitwa The Critic, yaani "Mhakiki", ambayo kwa jina hilo ingestahili kutundikwa kwenye ofisi ya gazeti letu. Wanawake wawili matajiri, wamesheheni manyoya na vito, wanaingia kwenye opera New York. Pembeni yao mwanamke fukara anawakodolea macho ya hasira. Miaka mingi baadaye msaidizi wa Weegee alieleza kwamba mwanamke yule hakujitokea tu. Alichukuliwa kwa makusudi kutoka kwenye baa moja ya mtaa wa maskini akaletwa pale, ili flashi iwakute wote watatu. Tuseme basi kwamba Weegee naye aliandika agizo lake, ila aliliandika kwa watu.

Lakini angalieni tofauti. Tunaweza kumshtaki Weegee kwa sababu kulikuwa na usiku, kulikuwa na mlango, kulikuwa na mwanamke aliyesimama pale akiwa na miguu yake, na kulikuwa na msaidizi aliyeona. Uongo wake una mashahidi. Picha ya Bibi haina hata shahidi wa kuikana. Ikikaa ukutani miaka ishirini, na sisi tunaojua tukifa, itakuwa kweli.

Suala hili limewahi kuwashinda hata mabingwa. Mwaka 2023 mpiga picha wa Ujerumani, Boris Eldagsen, aliingiza kwenye mashindano ya Sony World Photography Awards picha ya wanawake wawili yenye sura ya miaka ya 1940, mmoja nyuma ya mwenzake. Ikashinda katika kipengele cha ubunifu cha mashindano ya wazi. Mwezi Aprili, kwenye sherehe London, aliikataa tuzo na kusema kwamba picha za akili mnemba na picha za kamera ni vitu viwili na havifai kushindanishwa pamoja. Alikuwa ameitengeneza kwa DALL-E 2. Wengi walilichukua hili kama kichekesho cha majaji kubabaishwa. Sisi tunaliona kwa jicho lingine: sura ya zamani ndiyo iliyoisaidia picha kupita. Mbele ya picha ya leo mtu ana wasiwasi wake. Mbele ya picha ya zamani anaondoa viatu. Flashi ya zamani, karatasi iliyopauka, macho yaliyofumba, vyote vinatuambia "hawa walikuwepo", na sisi tumelelewa kuwaheshimu waliokuwepo. Anayeandika agizo la namna hii anatumia heshima hiyo. Aitumie akijua.

Kufaulu na kutofaulu

Kwa utaratibu wetu wa uhakiki, inabidi tuseme mwandishi amefaulu wapi na ameshindwa wapi. Kifani, matini ya pili imefaulu kwa kiasi kikubwa: taa ina mahali, kivuli kina upande, watu wana shughuli, kasoro zina wenyewe. Imeshindwa pale ilipodhani kwamba ngozi nyeusi itakuja yenyewe bila kuandikwa.

Kimaudhui, imefaulu katika jambo ambalo sikulitegemea. Zile jioni tatu za kumhoji Bibi zilitoa mambo ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuyauliza: nani alimfunga ushungi, kwa nini macho yainame, sinia lilitoka kwa nani. Maelezo hayo nimeyaandika kwenye daftari na yana thamani kuliko picha. Kumbe agizo lilikuwa mahojiano, na mahojiano yalikuwa historia. Imeshindwa pale nilipoirusha picha peke yake, bila maneno yaliyoizaa. Nilikata kitovu halafu nikashangaa mtoto hajulikani ni wa nani.

Wapo wenzetu wanaosema dawa ni kuacha kabisa, tusiandike maagizo haya. Mimi siamini hivyo. Binadamu aliyekosa picha ya mama yake atajaribu, na huwezi kumkataza kwa makala. Wapo wengine wanaosema haidhuru, ni burudani tu, mbona unakuza mambo. Hao nawaomba wakamuulize yule mwalimu aliyempa mtoto alama kwa historia ambayo haikutokea.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba agizo la picha ya flashi ya zamani ni matini inayoweza kuhakikiwa kwa vipimo vyetu vya kawaida, na kwamba kipimo kikuu ni sababu. Anayetaka kuandika agizo zuri asianze na chembechembe na mikwaruzo. Ajiulize kwanza: nani ameshika kamera, amesimama hatua ngapi, na ameingiaje humo ndani? Akishajibu hayo matatu, vivuli vitajipanga.

Pendekezo letu la pili ni kwa kila mmoja anayezitengeneza na kuzitunza picha hizi, wakiwemo wahadhiri wetu ambao nimeanza kuziona kwenye vielelezo vyao vya darasani. Agizo lisitenganishwe na picha yake. Studio za zamani zilikuwa na desturi ya kugonga muhuri nyuma ya picha: jina la studio, mji, pengine na tarehe. Mtu akiigeuza anajua nani alipiga. Tuirudishe desturi hiyo.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa binamu, nikamwomba fremu. Hakufurahi, lakini akanipa. Nikaitoa picha, nikaigeuza, nikaandika nyuma kwa kalamu ya wino agizo lote, neno kwa neno, na chini yake jina langu, mwaka, na maneno haya: "Haikupigwa. Filamu ya 1976 iliungua." Kisha nikairudisha ukutani pale pale ilipokuwa.

Wenye hoja tofauti tunawakaribisha katika toleo lijalo.